Kilichoutafuna Mlango wa Shangazi

Shangazi alipiga simu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtu wa umri wake akikupigia saa hizo, unapokea huku moyo unatafuta jina la aliyefariki. Hakukuwa na msiba. "Boriti moja ya ukumbini imeshuka," akasema, bila salamu. "Imeangukia mkeka wangu. Mimi nilikuwa uani natia udhu." Kisha, kama vile hajasema jambo kubwa, akaniuliza kama na Dar mvua inanyesha.

Ilikuwa Aprili, katikati ya masika. Nikapanda gari la Bagamoyo pale Makumbusho. Tegeta, Boko, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga. Njia ninayoijua tangu nikiwa mtoto wa likizo, lakini siku ile kila kituo kilikuwa kirefu. Nilikuwa na sababu yangu ya kuogopa kuliko ndugu zangu wengine. Nitaifikia.

Nyumba yenyewe ni ya babu. Aliinunua miaka ya 1960 kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyekuwa anahamishia duka lake Dar. Ina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko, na vyumba vyembamba virefu kama ushoroba. Nilipokuwa chuo nilidhani wembamba ule ni uvivu wa fundi. Kumbe ni hesabu ya mti. Boriti ya mkoko inakupa mita 3 hivi za kutegemewa, kwa hiyo chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko hapo, na nyumba za mawe kuanzia Lamu hadi Kilwa zimepimwa kwa urefu wa mti uliokatwa kwenye matope ya delta.

Halafu kuna mlango. Mlango wa nakshi, mabamba mawili yenye mfaa katikati, miimo miwili iliyochongwa mnyororo kutoka juu hadi chini, na chini kabisa kwenye kila mwimo, karibu na kizingiti, samaki. Waongoza watalii wakipita pale hupenda kueleza kwamba mnyororo maana yake hapa palikuwa kwa muuza watumwa. Babu alikuwa akiwasikiliza akiwa barazani, anawaacha wamalize, halafu anawaambia wageni kwa Kiingereza chake cha bandarini kwamba fundi alichonga mnyororo kwa sababu alijua kuchonga mnyororo. Sijui nani alikuwa sahihi, ila najua nani alikuwa anafurahi.

Nilipofika, baba alikuwa ameshafika kabla yangu. Na baba mdogo. Na fundi, mzee wa makamo ya shangazi, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa anaitazama ile boriti iliyolala sakafuni kama mtu anayemtazama mgonjwa. Shikamoo, marahaba, poleni, tumeshapoa. Fundi akaniambia nisogee nione. Kichwa cha boriti, ile sehemu iliyokuwa imezama ndani ya ukuta, kilikuwa kimegeuka nyuzinyuzi nyeupe, laini, kama katani iliyolowa. Ukiivuta inakuja. Sehemu ya katikati, iliyokuwa hewani, ilikuwa ngumu bado, hata msumari ungepinda.

Kisha akaenda mlangoni. Akachukua bisibisi, akaiweka kwenye mwimo wa kushoto, shibiri moja hivi juu ya samaki, akasukuma kwa kidole gumba tu. Bisibisi ikaingia mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa ukadondoka udongo mkavu, mwepesi. Rangi ilikuwepo, nakshi ilikuwepo, mnyororo ulikuwepo. Nyama haikuwepo.

"Nani aliweka sementi hapa?" akauliza fundi, akigonga chini ya ukuta kwa kisigino.

Kukawa kimya. Shangazi, aliyekuwa anatuletea chai, akajibu kabla sijafungua mdomo: "Ya zamani hiyo."

Haikuwa ya zamani. Ilikuwa na miaka 5, na niliiweka mimi. Nilikuwa nimelipwa pesa nzuri kwa mara ya kwanza katika kazi hii ya uandishi, nikataka kufanya jambo. Ukuta wa chini ulikuwa unamenyeka, chumvi inatoka kama unga, nikaona aibu kwa niaba ya babu. Nikanunua mifuko ya sementi, nikaleta kijana kutoka Dar, akapiga lipu ndani na nje kwa urefu wa mita moja, akainua na sakafu ya baraza mpaka ikakumbatia miguu ya miimo. Nikapiga picha. Nikaandika na makala, Mungu anisamehe, kuhusu kizazi chetu kinavyorudisha uhai wa mji mkongwe.

Kosa langu, kama fundi alivyolieleza bila kujua anamweleza mkosaji, ni hili. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji ya ardhini na kuyatoa tena kupitia lipu yake ya chokaa, ambayo ina matundu madogo madogo. Lipu inamenyeka, ndiyo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Unaimenya, unapaka nyingine, ukuta unabaki salama. Ukiufunga kwa sementi, maji hayaachi kupanda. Yanapanda tu juu zaidi, yakitafuta pa kutokea, na penyewe ni kwenye vichwa vya boriti na miguu ya milango.

Mbao kavu haiozi. Hili jambo dogo nililisoma baadaye na bado linanishangaza: kuvu wanaoozesha mbao hawawezi kuanza kazi kama unyevu wake uko chini ya asilimia 20 hivi. Mlango ule ulisimama miaka mingi mbele ya bahari, kwenye joto na upepo wa chumvi, na usingeoza hata leo kama mjukuu mwenye pesa hangetokea.

Kuna namna zaidi ya moja ya kuoza. Mbao, ukiirahisisha, ni selulosi iliyofungwa ndani ya lignini, kama nondo ndani ya zege. Kuvu wa aina moja hula selulosi na kuiacha lignini, na mbao hubaki kahawia, imepasukapasuka vipande vya mraba, ukiigusa inavunjika kama keki kavu. Wa aina nyingine wanaweza kuimeng'enya lignini yenyewe, na hao wakipita mbao hubaki nyeupe na nyuzinyuzi. Kichwa cha boriti yetu kilikuwa kazi ya hawa wa pili. Viumbe wanaoweza kuivunja lignini kwa ukamilifu ni wachache mno duniani. Bila wao misitu ingezama ndani ya magogo yake yenyewe.

Kwa muda kulikuwa na nadharia tamu kwamba ndivyo ilivyotokea hasa: kwamba makaa ya mawe ya dunia yapo kwa sababu zamani zile kuvu walikuwa hawajajua kula mti. Mwaka 2012 watafiti waliolinganisha jeni za kuvu waliandika katika jarida la Science kwamba uwezo huo ulianza karibu miaka milioni 290 iliyopita, yaani enzi ya makaa ilipokuwa inafika mwisho. Wengine wakapinga, na mimi niko upande wa wapinzani, kwa sababu ya kwetu kabisa: makaa ya Ngaka na Mchuchuma si ya enzi ile ya Kaboni bali ya iliyofuata, ya Permi. Mti ulizama katika kinamasi kisicho na hewa ukakaa. Na kutoka enzi hiyo hiyo ya Permi, huko Antaktika, yamepatikana magogo yaliyogeuka jiwe yakiwa na vishimo vya uozo mweupe ndani yake, na nyuzi za kuvu zimelala humo humo kwenye seli za mbao. Ukikata kipande chembamba cha jiwe hilo ukaliweka chini ya hadubini, unaona kuoza kulikokatizwa katikati ya mlo. Walaji na chakula chao, wote mawe.

Lakini mwimo haukuliwa na kuvu peke yake. Ule udongo mkavu uliodondoka ulikuwa wa mchwa.

Nyuma ya choo, uani, kuna kichuguu. Kimekuwepo tangu nakumbuka. Bibi alikataza kisiguswe, kwa sababu mvua zikikolea panachipua uyoga pale, mweupe, mkubwa, wenye mguu mrefu unaozama chini sana, na bibi alikuwa anaupika kwa nazi. Kila mtu aliyekulia ile nyumba anao uyoga ule kwenye kumbukumbu zake. Fundi akasema kichuguu lazima kichimbwe. Shangazi akanyamaza. Baba akasema, kwa ile sauti ya mtu aliyekuwa anangoja nafasi, kwamba haina haja ya kuchimba kitu, nyumba iuzwe. Kuna mtu wa Dar aliyewahi kuutaka mlango peke yake kwa bei ambayo ingejenga vyumba viwili Kibaha. "Dada, utakuja kukaa na sisi," akamwambia shangazi. Baba mdogo akatikisa kichwa kukubali. Katika mirathi wao wawili wana fungu kubwa kuliko lake, na hakuna aliyehitaji kulitamka hilo.

Shangazi ana miaka 71. Alimuuguza bibi katika nyumba ile miaka 9. Akasema, "Chimba kichuguu, fundi."

Kikachimbwa. Karibu na usawa wa kiuno, vijana wa fundi wakafikia vyumba, na kwenye kila chumba kuna kitu ambacho sikuwahi kukiona ingawa nilikula matunda yake utoto wangu wote. Fundi akanipa kimoja mkononi. Chepesi, rangi ya kahawia iliyofifia, kimejaa mikunjo na matundu kama ubongo au sifongo, na juu yake vidoti vyeupe vidogo kuliko punje za uwele. "Sega," akasema. Shangazi akachungulia. "Ndiyo shamba lao hilo," akasema. Hakuwa anatumia tamathali.

Mchwa wa aina ile hawawezi kuimeng'enya mbao wenyewe. Wafanyakazi hutafuna mti na majani makavu, wanayapitisha tumboni haraka haraka, kisha wanayatoa kama vidonge na kuvipanga kuwa sega. Juu ya sega huota kuvu wa jenasi ya Termitomyces, jamaa wanaoishi na mchwa hawa tu. Kuvu ndiye anayeivunja lignini. Sega likishalainika, mchwa wanalila kuanzia upande mkongwe huku wakijenga upande mpya, na vile vidoti vyeupe, ambavyo ni chakula na mbegu kwa pamoja, wanavila pia na kuvipitisha tena kwenye vidonge vipya. Ni kilimo, kina kupanda, kupalilia na kuvuna. Wakulima hawa wa spishi mia tatu na kitu wako Afrika na Asia. Uyoga wa bibi ulikuwa ni ua la shamba hilo likitoka nje wakati wa mvua.

Kwa hiyo mlango wa babu ulikuwa umebebwa kipande kwa kipande, kwa miaka, kutoka mbele ya nyumba hadi nyuma ya choo, ukaliwa na kuvu, na sehemu yake, nadhani, tumeila sisi na nazi.

Usiku ule nilirudi Dar na sega moja kwenye mfuko wa Rambo. Sikulala. Mimi kazi yangu ni bajeti na vikao vya Bunge, si mchwa, lakini nikikosa usingizi husoma, na katika kusoma ndipo nilipokutana na Rukwa.

Kusini-magharibi mwa nchi, katika bonde la ufa la Rukwa, kuna miamba inayoitwa na wanajiolojia tabaka la Nsungwe. Ni mchanga na matope ya mito ya kale, yamechanganyika na majivu ya volkano, na kwa majivu hayo ndiyo umri wake umepimwa: miaka milioni 25 hivi. Mwaka 2016 timu iliyoongozwa na mwanajiolojia Eric Roberts ilichapisha katika jarida la PLOS ONE walichokikuta humo. Viota vya mchwa vilivyogeuka jiwe. Na ndani ya viota, vikiwa mahali pake, masega ya kuvu, mikunjo ile ile na matundu yale yale, yamejengwa kwa vidonge vidogo vya duara ambavyo bado unaweza kuvitofautisha kimoja kimoja. Hadi wakati huo masega ya kale kuliko yote yaliyojulikana yalikuwa ya Chad, ya miaka milioni 7 hivi. Haya ya Rukwa yaliirudisha historia nyuma zaidi ya mara tatu, na kukubaliana na waliokuwa wamekadiria kwa jeni kwamba kilimo hiki kilizaliwa katika misitu ya Afrika miaka kama milioni 30 iliyopita.

Nikaweka sega la shangazi mezani, pembeni ya picha kwenye kompyuta. Nikakaa nalitazama mpaka taa za jirani zikazimwa.

Nadhani kilichonishika si ukubwa wa tarakimu. Milioni 25 haina ladha mdomoni. Nimeandika tarakimu kubwa kuliko hizo kuhusu deni la taifa na sikuwahi kukosa usingizi. Kilichonishika ni kwamba kitu kilichohifadhiwa pale si mti, bali ni mti ukiwa unaoza. Tumezoea kufikiri kuoza ndiyo kinyume cha kuhifadhi: kinachooza hakibaki, kinachobaki hakikuoza. Na hapa lile tendo lenyewe la kuozesha ndilo lililogeuka jiwe. Mti uliotafunwa haupo, jina lake halijulikani, lakini jinsi ulivyoliwa ipo. Tena katika tabaka hilo hilo la Nsungwe ndimo yalipopatikana masalia yaliyotangazwa mwaka 2013 ya Rukwapithecus, mmoja wa nyani wasio na mkia wa kale kuliko wote wanaojulikana. Maana yake mchwa wale walikuwa wameshakuwa wakulima wakati ukoo wetu sisi ndio kwanza unajitenga na wa tumbili. Wakati huo nyumba ya kutafuna haikuwepo. Tumeichelewesha sisi.

Wiki iliyofuata nilirudi. Nilikuwa nimeamua kumwambia shangazi kuhusu sementi, lakini nikaanza na Rukwa, kwa woga. Akasikiliza yote. Kisha akaingia chumbani akatoka na kasha dogo la bibi, akatoa kile kijiwe cha njano tulichokuwa tunakigombania tukiwa watoto. Sandarusi. Ukubwa wa ndimu, imefifia upande mmoja, na ndani yake kumbikumbi ametandaza mabawa.

"Na huyu?" akauliza. "Huyu naye ana miaka milioni 25?"

Bagamoyo yote imejengwa kwa pembe, watumwa na sandarusi, ila hii ya tatu watu wameisahau. Ni utomvu wa mti uitwao msandarusi, kwa wataalamu Hymenaea verrucosa, ulioganda na kufukiwa mchangani. Karne ya 19 Wazaramo walikuwa wakiichimba mashimoni huku Mrima, inabebwa hadi pwani, inavushwa Unguja, na kutoka hapo inakwenda Salem, Massachusetts, kuwa vanishi ya samani na magari ya farasi ya matajiri wa Marekani. Biashara hiyo ilikuwa nzito kiasi kwamba Marekani iliweka mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na kufikia 1837 ilikuwa na balozi wake mdogo Unguja, Richard Waters, mtu wa Salem huyo huyo. Richard Burton alipopita mwaka 1857 alieleza kwamba wanunuzi walitofautisha sandarusi ya chini ya ardhi, iliyo halisi, na ile mbichi ya mtini iliyoitwa chakazi. Wafanyabiashara wa Unguja waliipinda chakazi ikawa jackass, yaani punda, na ikabaki hivyo kwenye vitabu vya mizigo.

Mti hautoi utomvu kwa ajili ya vanishi. Unatoa ukijeruhiwa, na utomvu ule unafunga kidonda na kuwapinga kuvu na wadudu wanaotaka kuingia. Msandarusi, yaani, unayo dawa ya kile kilichoumaliza mwimo wetu, na sisi tuliiuza ikapakwe viti vya Boston. Jenasi hiyo ya Hymenaea, ukiondoa huu wetu wa pwani na Madagaska, ndugu zake wote wako Amerika, na utomvu wa mmoja wa kale wa huko ndio uliokuwa kaharabu ya Dominika, ambamo wamekutwa hata uyoga wazima, vichwa na miguu, walionaswa mamilioni ya miaka iliyopita.

Sasa, katika familia yetu imesemwa siku zote kwamba kijiwe kile ni cha mamilioni ya miaka. Hata mimi nimekisema hivyo mbele ya watu, nikiwa nimekishika. Lakini mwaka 2020 kundi la watafiti lilipendekeza kugawanya upya utomvu huu kwa umri, na jina la sandarusi ya kweli likaishia kwenye ule uliotoka kabla ya mwaka 1760. Wa baadaye ukaitwa kitu kingine kabisa, utomvu wa zama za kutoweka kwa wanyama. Na vipande vilivyolala sana ardhini vikisafishwa huwa na ngozi ya vipele vipele, wafanyabiashara waliifananisha na ngozi ya bata bukini. Chetu ni laini. Laini kabisa, kama peremende iliyolambwa.

Nikamwambia. Nilidhani atahuzunika.

"Kwa hiyo ni chakazi."

"Nadhani, shangazi."

Akakigeuza mwangani. "Basi kumbikumbi huyu anaweza kuwa wa hapa hapa," akasema, na nikaona amefurahi. "Anaweza kuwa babu yao hawa wa kichuguuni."

Ndipo nikamwambia kuhusu sementi. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba jua limechomoza. "We mtoto, si nilikuwepo? Si mimi niliyempikia yule kijana wako wali siku nne?" Nikamuuliza kwa nini hakunikataza wakati ule. Akasema nilikuwa nimefurahi sana, na kwamba baba yangu hakuwa ameleta kitu katika nyumba ile miaka 20, hata mfuko mmoja.

Sementi ilibanduliwa kwa patasi na nyundo, mwezi mzima, kwa sababu ukiharakisha unang'oka na ukuta. Chokaa ikapigwa, na hiyo nayo ina mambo yake, inataka kulowekwa na kungojwa. Boriti mpya 4 zilikwenda ukumbini. Mwimo wa kushoto ulikatwa mguu kama mgonjwa wa sukari, na fundi akauunganishia kipande cha mninga mkavu, akaacha upenyo wa hewa kati yake na sakafu. Samaki wa zamani alitoka kipande kimoja, mwembamba kama ganda la yai. Samaki mpya hafanani sana. Ana uso wa kushangaa. Fedha ilikuwa ya kiwanja changu cha Mapinga, na mchumba wangu wa wakati ule alikuwa na maoni kuhusu hilo ambayo sitayaandika.

Mnunuzi wa mlango alikuja mara moja zaidi, akagonga miimo yote miwili kwa fundo la kidole, akasikiliza, akataja bei ambayo hata baba aliona aibu. Baba bado anasema nyumba iuzwe. Anasema hivyo kila Idi. Shangazi anamjazia sahani.

Uyoga haukutoka mwaka jana. Mwaka huu umetoka mmoja, si pale uani bali nje, upande wa jirani, kando ya ukuta. Shangazi alinitumia picha bila maneno.

Mvua zikianza, humpigia simu. Sina kipimo cha unyevu, na hata ningekuwa nacho asingekubali kukishika, kwa hiyo tuna utaratibu wetu: anaweka simu kwenye mwimo, anagonga kwa fundo la kidole, kuanzia juu kwenye mnyororo hadi chini, na mimi nasikiliza nikiwa Dar, nimeziba sikio la pili. Mbao nzima inajibu kwa sauti fupi, ngumu. Wiki iliyopita aligonga upande wa kulia, ule ambao hatukuukata. Juu ilijibu vizuri, na katikati pia. Nikamwambia arudie pale chini, karibu na samaki.

Akarudia. Nikamwambia arudie tena.